Mtaro na kisima: kisa cha kichochoro kimoja cha Langoni, Lamu

Katika kichochoro kimoja upande wa Langoni, mjini Lamu, kuna kisima cha uani kinachotegemewa na nyumba nne. Wakati wa kiangazi maji yake huwa meupe, yana chumvi kidogo, na watu huyatumia kuoshea na kupikia. Bomba likikauka huyanywa. Masika yakiingia mambo hugeuka. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza maji huwa na rangi ya udongo na kuanza kunuka, na watoto wa nyumba hizo huharisha. Mvua zikikatika kisima hutulia, watu husahau, na mwaka wa pili huwa vile vile.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja tu: bahari imeingia. Kila kisima kinachoharibika kisiwani husemwa hivyo, na mara nyingi ni kweli, kwa hiyo hakuna aliyelipinga. Masika yakifika wenye nyumba walinunua maji ya madumu yanayoletwa na punda, na wasio na pesa za madumu waliendelea kuteka.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu jibu lile halikuwa sahihi, na waliolipia kosa hilo ni watoto. Tena, ukikifuata kisima hiki kimoja unafika kwenye jambo linaloigusa Lamu yote. Kwenye kisiwa kisicho na mto, mvua inayokimbia mitaroni na maji yanayotekwa kisimani ni maji mamoja. Kinachoyatenga ni njia yaliyopita kabla ya kufika.

Maji ya kisiwa yanatoka wapi

Malindi wana mto Sabaki, na visima vya Baricho vilivyo kando yake. Kisiwa cha Lamu kina mvua na mchanga, basi. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 900 hadi 1,000, nyingi kati ya Aprili na Juni, na Mei ndio mwezi mzito kuliko yote. Vuli huja dhaifu kuanzia Oktoba. Januari hadi Machi ardhi hukauka kabisa.

Mvua ikizama mchangani haipotei. Inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kisha inakaa juu yake, kwa kuwa maji matamu ni mepesi: lita ya maji ya bahari ina kama kilo 1.025, na lita ya maji ya mvua ina kilo moja. Uhai wa Lamu umesimama juu ya tofauti hiyo ndogo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ubaya wake ni kwamba hesabu hiyo inasomeka pia kinyume. Ukiteka hadi usawa wa maji matamu ushuke kwa mita moja, chumvi kutoka chini hupata nafasi ya kupanda mara 40 ya hapo.

Ndiyo sababu hoja ya bahari ilikubalika upesi. Lakini angalia majira. Kisima kinachoingiliwa na bahari huharibika mwisho wa kiangazi, Februari na Machi, watu wanapoteka sana na mvua haipo. Masika hukipa nafuu. Kisima chetu kilifanya kinyume kabisa: kiangazi kizima kilikuwa salama, kikaugua maji matamu yalipoanza kuongezeka.

Aliyeliona hilo wa kwanza ni bibi mmoja wa nyumba ya kona, ambaye hakuhitaji kanuni yoyote. Alionja, akatema, akasema: "Mwanangu, mai haya hayanuki bahari. Yanuka ndia." Ndia, kwa Kiamu, ni njia.

Mtaro wenyewe

Mji wa Lamu umejengwa kwenye mteremko. Nyuma kuna mwinuko, mbele bahari, na katikati Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unapita sambamba na ufuo. Vichochoro vinaukata usita huo na kuteremka mpaka pwani, na kando ya vingi mna mtaro wa wazi, mwembamba. Mtaro huo unachukua kila kitu: maji ya jikoni, ya kufulia, ya udhu kutoka misikitini, ya kuoshea samaki, na mvua. Zamani sehemu kubwa ya vichochoro na nyua ilikuwa mchanga mtupu. Leo pengi pamesakafiwa kwa saruji au kabro, na mvua inayoanguka hapo haina pa kuzama.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme kichochoro, nyua na mapaa yanayomwagia mtaro mmoja yanafika mita za mraba 2,000. Mvua ya milimita 40, ambayo Mei si ajabu, inaleta lita 80,000. Kwenye mchanga nyingi zingezama. Juu ya saruji karibu zote zinaingia kwenye mtaro ambao mtu mzima anauruka bila kunyanyua kanzu.

Lamu ina jambo moja la pekee. Katika miji ya magari, mvua huosha barabara na kubeba mafuta, zinki ya matairi na shaba ya breki. Ndani ya mji wa kale magari hayapiti, ingawa pikipiki zimeongezeka upande wa nje. Mzigo unabebwa na punda, na punda huacha samadi. Kiangazi samadi hukauka, hukanyagwa, huwa unga, na unga huo hujaa kwenye nyufa za sakafu na pembezoni mwa kuta. Unakaa hapo miezi mitatu ukiingoja mvua.

Mvua ya kwanza kubwa niliitazama nikiwa chini ya daka, ukumbi wa mlangoni, ya nyumba ya kona. Dakika za mwanzo maji yalikuwa mazito, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, yana povu na harufu kali ya zizi. Yalikuja na maganda ya viazi, magamba ya samaki, ndala moja na vifuniko vya chupa. Mifuko haikuwamo, maana tangu marufuku ya Agosti 2017 imepungua sana, lakini chupa ndogo za plastiki zilikuwa tele. Penye kona mtaro ulikuwa umejaa mchanga karibu nusu ya kina chake, kwa hiyo maji yakapanda, yakavuka kizingiti kifupi cha mlango wa ua na kuingia ndani. Ua ule ndio wenye kisima.

Mvua haikukoma. Baada ya saa moja hivi, katika mtaro ule ule, maji yaliyokuwa yakipita yalikuwa karibu meupe. Mawingu ni yale yale na kichochoro ni kile kile. Uchafu wa kiangazi kizima ulikuwa umeshaondoka na yale maji ya mwanzo, na sehemu yake ilikuwa imeingia uani.

Wanaoshughulika na maji ya mvua mijini wanalifahamu jambo hili duniani kote: sehemu ndogo ya kwanza ya mvua hubeba sehemu kubwa ya uchafu. Lakini huhitaji kwenda mbali kulijifunza. Vuka uende kisiwa cha Pate, au Ndau, ambako vijiji vimeishi kwa majabia tangu enzi. Jabia ni tangi lililojengwa ardhini likiwa na sakafu pana ya kukusanyia mvua. Kabla ya masika sakafu hufagiwa, na maji ya mwanzo huachwa yapite. Sakafu ikishatakata ndipo mlango wa tangi hufunguliwa. Wanajua kwamba mvua ya kwanza inaosha na ya pili inanywewa. Mjini sisi hatutengi. Ile inayoosha tunaiachia ipite mlangoni mwa kisima.

Kukipima kisima

Maneno ya bibi yalitupa dhana, dhana ikahitaji kupimwa, na vipimo vilivyotumika havikuwa vya gharama. Cha kwanza ni kile cha mkononi kinachosoma chumvi kwa kupitisha umeme kwenye maji. Kama bahari ndiyo iliyoingia, namba ingepanda. Baada ya mvua ilishuka. Maji yaliyoongezeka kisimani yalikuwa matamu kuliko yaliyokuwamo, maana yake yalitoka juu. Hoja ya bahari ilikufa hapo.

Cha pili ni kichupa chenye dawa kinachowekewa maji na kuachwa mahali penye joto siku moja au mbili. Kikiwa cheusi, kuna uwezekano mkubwa wa vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi. Mwisho wa kiangazi kichupa kilibaki kama kilivyokuwa. Baada ya mvua kiligeuka cheusi kabla hakujapambazuka. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe hata na kijidudu kimoja cha aina ya E. koli katika mililita 100, na kichupa hiki hakihesabu, kinasema ndiyo au hapana. Kwa uamuzi wa kuteka au kutoteka leo, hilo latosha.

Kisha fundi akashuka ndani na kamba na tochi, na alichokiona ndicho kilichofunga shauri. Mdomo wa kisima ulikuwa umeinuliwa kwa tofali moja tu, kwa hiyo maji yaliyovuka kizingiti yalimiminika moja kwa moja. Chini yake, kwenye mita mbili za juu, ukuta wa mawe ya matumbawe ulikuwa umepoteza chokaa yake, na upande mmoja ulikuwa na alama ya mchirizi mweusi, umbo la ulimi, ukishuka kutoka mahali ambapo nje ya ua mtaro unapita. Tulipomwaga ndoo chache za maji yenye rangi ya nili katika mtaro ule, haukupita muda mrefu rangi ikatokeza kwenye mchirizi. Kati ya mtaro na kisima kulikuwa na ukuta wa unene wa mkono na ufa.

Hapo nataka kusema jambo kuhusu masharti ya umbali. Miongozo ya afya inashauri kisima kiwe mbali na choo na mtaro, na umbali unaotajwa mara nyingi ni mita 30, au angalau 10. Katika mji wa kale wa Lamu nyumba zinashirikiana kuta, choo cha shimo kiko ndani ya nyumba, na kisima kiko nyuma ya ukuta wa choo cha jirani. Mita 10 hizo hazipo. Kumwambia mtu wa Langoni asogeze kisima ni kumwambia ahame. Kwa hiyo swali linalofaa hapa ni jingine: nini kinaweza kuzibwa, nini kinaweza kutengwa, na maji yapi tuache kuyanywa.

Kilichofanyika

Kazi ilianzia kwenye mtaro, ingawa wenye nyumba walitaka kuanzia kisimani. Mtaro ulizolewa mchanga wote hadi sakafu yake ya zamani ikaonekana, na ilikuwa imetengenezwa vizuri, kwa mteremko unaoeleweka. Ufa ukazibwa, na kipande chote kinachopita ubavuni mwa kisima kikapigwa upya. Juu kidogo ya kona likachimbwa shimo la kunasa mchanga, lenye mfuniko unaofunguka, ili mchanga utue hapo badala ya kujaza kona. Mtu wa zamu hulizoa kila Ijumaa asubuhi. Bila zamu hiyo lingejaa kwa masika moja na kuwa ubaya juu ya ubaya.

Kisimani, ukuta wa mita za juu ulitiwa lipu upya ili maji ya juu yasipenye, mdomo ukainuliwa hadi kiunoni na kupewa kifuniko, na pembeni pakapigwa sakafu inayoinama kuelekea nje. Maji yakatekwa yote, yakatiwa klorini, yakaachwa, yakatekwa tena.

Kazi iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko hizo ilikuwa ya ufagio. Wiki ya mwisho ya Machi, kabla ya wingu la kwanza, kichochoro kizima kilifagiwa, nyufa zikachokolewa, na samadi ikatiwa magunia. Wenye mashamba waliichukua siku ile ile. Ni kazi ya asubuhi moja kwa nyumba zote nne na majirani. Kilichoondolewa kwa ufagio hakikusubiri kichujio, dawa wala daktari. Ningekuwa na uwezo wa kuwashawishi wazee wa mitaa yote ya Lamu jambo moja tu, lingekuwa hili la kufagia Machi.

Mvua zilipokuja maji ya kisima hayakubadilika rangi. Harufu haikuwepo. Bibi alionja na kusema ni mai. Lakini katikati ya Mei kichupa kiligeuka cheusi tena.

Kilichobaki kilikuwa chini. Masika yakikolea, maji ya ardhini hupanda kila mahali, na yakipanda hugusa mashimo ya vyoo ambayo kiangazi yalikuwa makavu. Hapo hakuna lipu inayosaidia, kwa sababu maji hayaingii kwa pembeni, yanakuja kwa chini pamoja na maji ya mji mzima. Mchanga laini huchuja vijidudu vingi maji yakipita taratibu, ila penye mawe ya matumbawe yenye matundu yanapita haraka bila kuchujwa. Na nitrati inayotoka vyooni haichujwi na mchanga wa aina yoyote. Haina rangi wala harufu, na ni hatari zaidi kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi nitrati; maji yakipungua sufuriani nitrati huzidi kukolea.

Kwa hiyo uamuzi uliofikiwa haukuwa wa kujivunia, ila ulikuwa wa haki: kisima kimebaki cha kufulia na kuoshea, na maji ya kunywa yanatoka juu ya paa.

Paa, ua na njia

Hili la paa si geni. Nyumba za Kiswahili zilikuwa na birika bafuni, na watu walifuga visamaki ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika nyumba ya kona birika la zamani lilikuwepo bado, limejaa vifaa vya ujenzi. Lilitolewa uchafu, likatiwa lipu, na bomba likavutwa kutoka kwenye paa la bati. Bomba lina kona ya kugeuza: mvua ya kwanza inaelekezwa nje, na baada ya paa kutakata inaingizwa birikani. Ni jabia la Pate lililopandishwa darini.

Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya Lamu, hata ukitoa sehemu inayopotea, linaleta zaidi ya lita 70,000 kwa mwaka. Familia ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa kunywa na kupika inahitaji lita 120 kwa siku, yaani chini ya 44,000 kwa mwaka. Maji yapo. Shida ni mahali pa kuyaweka, kwa sababu yanakuja yote pamoja. Birika la lita 10,000 linamaliza siku kama 83, na kiangazi ni kirefu kuliko hapo. Nyumba hizi nne bado zitahitaji bomba Februari. Lakini katika miezi ile ambayo watoto walikuwa wakiugua, sasa birika limejaa. Paa la makuti halifai kwa hili. Maji yake yana rangi na takataka, ni ya kumwagilia tu.

Kila lita inayoingia birikani haiingii mtaroni. Nyumba nne zikikamata mvua ya mapaa yao, mtaro unapumua na kona haifuriki. Mtaro na kisima vilianza kutibiwa kwa pamoja hapo.

Ushauri unaosikika sana siku hizi, kutoka Uchina na miji ya Marekani kama Philadelphia, ni kuiacha mvua izame palipoanguka: sakafu zinazopitisha maji, mashimo ya kunyonyea, bustani za kupokea mvua. Ni ushauri mzuri kwa miji inayokunywa maji ya mto wa mbali. Langoni ungekuwa sumu. Ukichimba shimo la kunyonyea katika kichochoro ukaliingiza maji ya mtaro, umeyapeleka kisimani kwa njia fupi zaidi. Hapa inafaa tutenge aina tatu za maji: ya paa yaende birikani, ya ua safi wa mchanga yazame, na ya njia yapite kwenye mtaro uliozibwa hadi mwisho wake.

Mwisho wa mtaro

Mwisho wake ni bahari, na hapo kichochoro hakina mamlaka tena. Mdomo wa mtaro unamwaga pwani, mahali ambapo vijana huogelea na mashua hufungwa. Hakuna wavu wa kuzuia chupa wala shimo la kutuliza matope. Siku mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, bahari hupanda hadi kwenye mdomo, maji ya mtaro hukosa pa kwenda na kurudi nyuma mpaka Usita wa Mui. Chupa zinazotoka huelea hadi kwenye mikoko ya Manda ng'ambo na kunasa kwenye mizizi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwenye mizizi hiyo ndiko kamba na samaki wadogo wanakokulia. Mafundi wa hapa walionyesha plastiki hiyo ni nyingi kiasi gani walipounda jahazi la Flipflopi kwa taka zilizookotwa fuoni na kulishusha baharini 2018. Ni kazi ya kusifiwa, lakini kuokota ufuoni ni kazi isiyokwisha mitaro ikiwa wazi.

Nani anawajibika? Swali hili liliwazungusha wakazi. Ofisi moja iliwaambia mtaro ni wa ofisi nyingine, nayo ikasema mji ni wa urithi, huwezi kuchimba. La urithi ni kweli: mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kichochoro hakichimbwi ovyo. Lakini wajibu umeandikwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja mifumo ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa kuwa kazi ya serikali ya kaunti, na liliitaja pamoja na huduma za maji na usafi, katika kipengele kimoja. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Marekani, yenye sheria ya maji ya tangu 1972, ililazimika kuirekebisha 1987 ndipo mvua ya mijini ikasimamiwa kwa vibali. Sisi tayari tuna neno hilo ndani ya Katiba. Kinachokosekana ni mafungu ya fedha na mtu anayeulizwa.

Shela

Haiwezekani kuandika kisa cha kisima cha Langoni bila kuitaja Shela, kwa sababu bomba linalosaidia kisima kinaposhindwa linatoka huko. Vilima vya mchanga vya Shela, kusini mwa kisiwa, ndivyo ghala la maji la mji. Pale mvua haina mtaro. Inaanguka juu ya mchanga usio na mtu, inazama papo hapo, inachujwa, inakaa. Kila tuliloshindwa kulifanya Langoni kwa saruji, lipu na zamu, vilima vinalifanya bure.

Na vinajengewa. Pembezoni mwake nyumba na hoteli zimesogea, kila moja na choo chake, sakafu yake na bwawa lake la kuogelea. Nyumba moja inaziba mchanga kwa paa na sakafu, inageuza mvua iliyokuwa ikizama kuwa mtiririko, na inaweka shimo la maji machafu juu ya maji ya kunywa ya mji mzima. Langoni tuna miaka mingi ya makosa ya kurekebisha kwa kipimo cha ndoo. Shela hatujayafanya yote bado. Naona ni dhuluma kwa mji kuruhusu kule kosa ambalo huku tumelilipia kwa kuharisha kwa watoto, na nalisema nikijua kwamba wapo wanaoishi kwa kazi za ujenzi huo.

Wakazi wa kichochoro wameandika ombi la kuwasilisha kwenye mikutano ya wananchi ya bajeti ya kaunti. Wanaomba wavu na shimo la kutuliza matope kwenye mdomo wa mtaro, lango la kuzuia bahari isirudi ndani wakati wa bamvua, na kila nyumba inayoomba kibali cha kusakafu ua iwekewe sharti la kukamata mvua ya paa lake. Wameomba pia visima vya misikiti vya mtaa mzima vipimwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na katikati ya Mei, na majibu yabandikwe msikitini ambapo kila mtu atayasoma. Kazi ya mdomo wa mtaro wanataka iishe kabla ya Machi kwisha.